Sala ya Ghalani

Pudensiana alianza kusali peke yake mwaka uliotangulia zile mvua kubwa za El Nino, baada ya mimba yake ya pili kuharibika. Kabla ya hapo alisali kanisani tu, pamoja na watu, kwa maneno ya watu. Katekista Fabiani, aliyekuja Majimoto kuwafundisha kina mama, ndiye aliyewaambia wachague mahali pamoja na saa moja, kila siku, na wakifika hapo wasimpambie Mungu maneno. Wamwambie kama walivyo.

Akachagua ghala la mpunga nyuma ya nyumba ya mumewe, alfajiri, kabla ya kwenda kuchota maji. Siku za mwanzo alisinzia. Siku nyingine akili ilimtoka ikaenda kwenye kuni na mboga, akajikuta amepiga magoti bure. Aligundua kwamba akinong'ona hapotei, basi akawa ananong'ona. Taratibu maneno yakaja. Alimwambia Mungu kwamba anamwonea wivu wifi yake Immaculata, aliyerudi nyumbani na mtoto mgongoni. Kwamba Stanslaus, mumewe, akirudi na pombe na kumgusa, yeye hufumba macho na kuomba kuche. Kwamba anaogopa tumbo lake limekuwa kaburi. Alitoka mle ghalani uso umekunjuka, hata majirani wakadhani ana mimba tena.

Mama mkwe wake, Josefina, alitaka kujua uso ule umetoka wapi. Ghala lilikuwa la matete yaliyokandikwa udongo, na upande wa nyuma udongo ulikuwa umebanduka. Akawa anasimama hapo.

Wakati wa mavuno ndugu walikuja kusaidia kupiga mpunga, na mchana kazi ilipokwisha wakakaa uani na pombe. Josefina akainuka, akajifunga khanga kama anavyojifunga mkwewe, akapiga magoti katikati yao. Akaanza kunong'ona kwa sauti ya Pudensiana, pamoja na kigugumizi chake kidogo. Watu wakacheka. Stanslaus naye alicheka, tena kuliko wote, mpaka mama yake alipofika pale pa kufumba macho na kuomba kuche.

Pudensiana alikuwa amesimama na sinia la ugali mikononi. Hakuna aliyempokea.

Stanslaus hakumpiga. Alisema kwa utulivu kwamba mke wake anapenda kusali, na yeye si mtu wa kumzuia mtu kusali. Ila kuanzia kesho atasalia uani, kwa sauti, mbele ya mama, ili Mungu asidanganywe.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Josefina aliweka kigoda akakaa, na Pudensiana akapiga magoti kwenye vumbi akasema Baba Yetu na Salamu Maria. Akitumia sauti ndogo aliambiwa arudie. Akimaliza upesi aliulizwa kama ndiyo yote, kama leo hana wa kumsema.

Katekista alipopita, Josefina alimshukuru sana. Alimwambia kwamba nyumba yake sasa inasali kila siku bila kukosa. Fabiani akamsifu Pudensiana mbele ya jumuiya nzima, akawaambia wanawake wengine waige.

Kwa muda mrefu Pudensiana hakuwa na sala nyingine. Msimu uliofuata akapelekwa shambani kuamia ndege wasile mpunga, akawa anashinda juu ya dungu, jukwaa la miti la mlinzi, na huko akajaribu tena. Hakuthubutu kunong'ona hata pale alipokuwa yeye na mpunga tu. Akajifunza kusali mdomo umefungwa, akipiga kelele kuwafukuza kweleakwelea, kisha akirudi pale alipoachia. Alipotea mara nyingi kuliko alivyosali. Lakini kila siku alianza upya, na hakumwambia mtu.

Zile mvua kubwa zilipofika barabara ilikatika, Stanslaus akakwama Mpanda. Josefina akashikwa na homa na kifua kikali. Immaculata akamhofia mwanawe, akahamia kwa jirani. Pudensiana ndiye aliyebaki kumwosha mgonjwa, kumlisha uji na kumbadilisha nguo. Hakumfanyia ubaya wowote.

Asubuhi moja Josefina akamwomba amsalie. Pudensiana akapiga magoti kando ya kitanda, akasema Baba Yetu kwa sauti, wazi, bila kuruka neno. Akaendelea na Salamu Maria.

"Si hiyo," Josefina akasema. "Nisalie ile yako. Ile ya ghalani."

"Ile uliichukua, mama."

"Mwanangu, naogopa."

Pudensiana alikuwa nayo maneno ya kumfaa mtu anayeogopa. Alikuwa ameyasema mwenyewe mara nyingi, yakamwondolea uzito. Akamtazama yule mama alivyokuwa anavuta pumzi kwa shida.

"Nirudie?" akauliza kwa upole. "Au umesikia vizuri?"

Josefina akageukia ukutani. Alikufa kabla barabara haijafunguliwa, na mazikoni watu walisema Mungu alimpa mkwe kama binti wa kumzaa.

Mpunga ulikuwa umeozea majini, hapakuwa na ndege wa kufukuza. Hata hivyo Pudensiana aliendelea kwenda shambani, akapanda juu ya dungu, akafunga mdomo na kumwambia Mungu alichomnyima Josefina, na kwamba hajajuta. Kesho yake akamwambia vilevile, na keshokutwa. Alitamani kusema jambo jingine. Lakini halikuwa kweli bado, na yeye hakujua kusali kwa namna nyingine.