Ukuta wa Shemine

Fundi Kabwe aliniuliza kwa mara ya tatu atoboe ukuta upi, na kwa mara ya tatu nikasogeza fotei, kiti cha sofa cha sebuleni, badala ya kumjibu.

"Dada, hiyo fotei imekukosea nini?" alisema. Alikuwa amekaa juu ya kiti cha jikoni, mashine yake ya kutobolea ikiwa mapajani. "Tangu nifike imezunguka saluni yote. Miye niko na kazi ingine Kigwena saa tisa."

"Subiri kidogo," nilisema.

Saluni, sebule yetu mpya, ilikuwa kubwa kuliko nyumba nzima tuliyoihama kule Birimba, mtaa wetu wa zamani, lakini kila kitu nilichokiweka kilikaa vibaya. Upande wa magharibi kulikuwa na madirisha matatu yanayotazama ziwa. Mashariki kulikuwa na mlango na ukuta mtupu. Kusini ndiko korido ya vyumba ilikoanzia. Na kaskazini, katikati kabisa ya ukuta, ilikuwa shemine, jiko la mawe la kuotea moto, mdomo wake mpana wa kuingia mbuzi mzima, bomba lake limepanda hadi juu ya paa.

Mjomba Mansuri aliziona shemine huko Norwe, anakoishi mwaka wa kumi na nane sasa. Alizipenda, akatuma picha, na mjenzi akamwekea moja katika nyumba hii aliyotujengea. Hapa Rumonge, ambako tunalala bila shuka. Siku tuliyohamia alikuja mwenyewe, akawasha kuni humo ndani, akatupanga mbele yake tupigwe picha. Kwenye picha zile tunang'aa jasho sote, na yeye ndiye anayecheka kuliko wote.

Sasa alikuwa amerudi Norwe, na televisheni aliyoinunua Bujumbura ilikuwa imefika asubuhi hiyo kwa lori. Maagizo yake yalikuwa mafupi: itundikwe juu ya shemine na fotei zote ziitazame. Ndivyo saluni yake ilivyo kule. Kupanga nilipewa mimi, kwa sababu Bibi anaumwa magoti na nyumbani tuko wawili tu.

Bibi Mwanahamisi ni mama yake Mjomba, na ni mama wa marehemu mama yangu. Asubuhi hiyo, wakati wabebaji wanaliteremsha boksi la televisheni, alikuwa ameniambia kwamba Jumamosi anakwenda Minago kwa dada yake.

"Kwa siku ngapi, Bibi?"

"Nitafunga Ramadhani huko."

"Halafu utarudi?"

Alikuwa anafunga kanga zake kwenye shuka, na alipomaliza alizifungua akaanza kuzikunja upya.

Zilikuwa zimebaki siku tisa Ramadhani iingie. Nilijua kwa nini anaondoka, na nilijua kuwa akishaondoka hatarudi. Dada yake ni mzee kuliko yeye; wawili wale watashikana mikono na kufia huko. Mimi nitabaki katika nyumba hii ya vyumba sita, nikifuta vumbi kwenye televisheni.

Kule Birimba, kila Ramadhani, wanawake wa mtaa walikuja kuswali tarawehe saluni kwetu. Tulitoa viti vyote nje, tukatandika mikeka, wakajipanga safu kwa safu, na Bibi akawaswalisha akiwa katikati ya safu ya mbele. Ilikuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Mwezi ule ndio Bibi alikuwa mtu mwenye watu. Miezi kumi na moja mingine ilikuwa ya kuusubiri.

Katika nyumba mpya, kibla iko upande wa shemine. Kwenye ramani iliyochorwa, shemine ilikuwa upande wa barabara, lakini mjenzi aliigeuza nyumba ili madirisha yaone ziwa, na shemine ikazunguka pamoja nayo. Mjomba hakuliona hilo. Mtu akiswali humo saluni anaangalia moja kwa moja ndani ya mdomo ule mweusi. Wiki ya kwanza Bibi aliniambia, kwa sauti ndogo, "Hatuswali tumeelekea mahali pa moto, mjukuu wangu." Tangu siku hiyo akawa anaswali stoo.

Nilimwambia amweleze Mjomba.

"Mtoto amekujengea nyumba, umwambie ameikosea?" alisema. "Na wewe usimwambie."

Sasa na televisheni ilikuwa inakwenda ukuta ule ule. Hata ikizimwa, kioo chake kingetuonyesha tunavyoinama na kuinuka, kama watu wanaojitazama kwenye duka la nguo.

Nilisukuma fotei ndefu hadi chini ya madirisha. Haikufaa, ilizuia njia ya jikoni. Nikairudisha.

"Amahoro," alisalimia Pascasie mlangoni. Ni jirani yetu, anauza mihogo, na alikuwa amekuja kuiona televisheni kama mtaa mzima ulivyotaka kufanya. Aliushika upande wa pili wa fotei bila kuombwa. "Tunaipeleka wapi?"

"Sijui."

"Basi tuipeleke hapo hapo pa sijui," alisema, na tukaisukuma hadi katikati.

Kabwe alikuwa ameingiza kichwa ndani ya shemine, anachungulia juu. "Mama Pascasie, kuja uone. Hii kitu iko na mbingu ndani. Mukitundika samaki ndagala humu zitakauka siku moja."

"Tundika wewe mwenyewe, ukauke. Una mafuta mengi ya bure."

"Hii ni mafuta ya mawese, mama. Ni mali."

Bibi alipita kutoka koridoni kwenda jikoni, akarudi, akapita tena. Hakuwa na kitu mkononi, akienda wala akirudi. Kila alipopita alitazama chini kwenye karo, vigae vya sakafu, asiutazame ukuta.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Mjomba, kwa video, amevaa fulana ya kazi ya rangi ya machungwa, nyuma yake makontena.

"Fahima, onyesha. Mmefika wapi?"

Niligeuza simu nikamwonyesha saluni.

"Bado tu? Fundi, juu ya shemine, katikati. Pima vizuri. Mama yuko wapi? Mama, unaona itakavyokaa? Utakaa kwenye fotei, utazame taarabu, na moto hapo chini."

Bibi alisogea mbele ya simu, akatabasamu. "Vizuri, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Umeipenda?"

"Nimeipenda sana."

Mjomba alipokata simu, Bibi akaenda stoo. Kabwe alishusha kalamu kutoka sikioni, akapima, akachora alama mbili juu ya mawe ya shemine. Pascasie alikunja mikono kutazama. Kabwe akachomeka mashine, akapanda ngazi.

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa yamejipanga vizuri, tangu asubuhi nilikuwa nayapanga. Lakini mbele ya watu mimi huwa siwezi kuyatoa. Mashine ikaanza kulia. Vumbi jeupe likaanza kushuka mbele ya mdomo wa shemine.

Nilikwenda kwenye ukuta nikachomoa waya.

Kabwe alitikisa mashine. "Umeme umekatika?"

"Hapana," nilisema. "Mimi ndiye nimechomoa."

Walinitazama wote wawili. Nilikuwa bado nimeshika ule waya.

"Toboa huku," nilisema, nikaonyesha ukuta wa mashariki.

"Dada, mwenye nyumba amesema juu ya shemine. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa toboa huku."

Kabwe alishuka ngazi polepole. Hakukasirika, ila alinitazama kama mtu anayetazama paka aliyesema neno. "Sikia. Yule ndiye alinipigia, yule ndiye anaijua kazi yangu. Kesho ataona televisheni iko mahali pengine, atauliza ni nani. Miye sitaki kesi. Muite, aseme mwenyewe, natoboa hata kwenye dari."

Sikuwa nimewahi kumpigia Mjomba. Yeye ndiye hutupigia. Nilitoka nje, nikazunguka nyumba nikitafuta mtandao, nikapita kwenye tangi la maji, nikarudi, nikapita tena. Kutoka pale ziwa linaonekana lote, na milima ya Kongo kule ng'ambo. Nilibonyeza jina lake nikakata kabla halijaita. Nikabonyeza tena. Safari hii alipokea upesi.

"Nini? Mama ameanguka?"

"Hapana. Mjomba, ile televisheni." Nilifumba macho ili nisimwone. "Pale ni kibla. Shemine iko kibla. Bibi hawezi kuswali pale, na wanawake hawataweza kuja Ramadhani. Kwa hiyo anakwenda Minago. Anakwenda Jumamosi, na mimi nadhani harudi."

Nilipofumbua macho alikuwa hasogei. Nilidhani picha imekwama. Halafu akapepesa.

"Amenambia ameipenda. Sasa hivi tu amenambia."

"Alisema hivyo kwa ajili yako."

"Amekutuma?"

"Alinikataza."

"Anaswalia wapi, basi? Chumbani?"

"Kitanda ulichomletea kimejaa chumba kizima, na vyumba vingine vimejaa vitanda vilevile. Anaswalia stoo."

"Stoo gani? Stoo ya nini?" Kisha akasema, "Nipeleke."

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Mlango wa stoo ulikuwa nusu wazi. Bibi alikuwa anaswali adhuhuri, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki kwa sababu ya magoti, kati ya mabidoni, yale madumu ya mawese, na gunia la mkaa. Mahali penyewe pana upana wa kiti tu. Alipoinama kusujudu, alijipinda upande ili kichwa kisigonge bidoni, na akajipinda vilevile mara ya pili, kama mtu aliyekwisha zoea.

Niliishika simu mlangoni. Mjomba alitazama mpaka Bibi akageuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto, na hapo ndipo simu ilipokatika. Sikujua kama ni mtandao au ni yeye.

Nilirudi saluni.

"Amesema?" aliuliza Kabwe.

"Hajasema."

"Saa yangu inasema lakini. Inasema saa nane na robo."

Nilishika fotei ndogo nikaipeleka kando ya mlango. Nikaitoa. Pascasie alininyang'anya, akaikalia yeye mwenyewe ili isiende popote.

Ndipo tuliposikia simu ya Bibi ikilia stoo, ile simu yake ndogo ya vitufe. Alikuwa na desturi ya kuongea kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu aliye ndani ya mtumbwi.

"Niko, mwanangu. Niko mzima... Nani amekwambia?... Hapana. Hapana, siyo hivyo... Mansuri, usilie. Uko kazini, watu watakuona." Kisha akapaza sauti zaidi. "Kuvunja? Nani avunje? Kuvunja ni hasara, na paa litavuja. Nimesema hapana."

Kabwe aliweka kalamu sikioni, akaanza kukusanya vitu vyake sakafuni, kisha akaviacha.

Bibi alitokea koridoni, ushungi bado kichwani, simu mkononi. Alinijia mimi moja kwa moja.

"Umenitia kwenye simu nikiswali."

"Ndiyo, Bibi."

"Na kanga hii iliyochanika."

"Ndiyo."

"Mbele ya mwanangu aliye Ulaya, niko na mabidoni kama mwizi wa mawese." Alipumua. "Usirudie tena. Hata siku nikifa, usinitie kwenye simu."

Niliinamisha kichwa. Pascasie alisema, "Mama, alikuwa anakutakia mema."

"Najua alichonitakia. Wewe kaa hapo kwenye fotei yangu uliyoizoea."

Kisha akamgeukia Kabwe. "Fundi, toboa mashariki. Mansuri atakupigia, mimi nimetangulia kukwambia."

"Na hii shimo niliyoanza?"

"Ziba. Na ule mdomo wa jiko, tutafutie ubao mpana uufunike wote, upakwe chokaa kama ukuta. Akija yeye na baridi yake ya Norwe ataufungua mwenyewe."

"Hata Norwe yote ikuje hapa, haitasikia baridi," alisema Kabwe, akaibeba ngazi kwenda upande wa pili. Alinipa waya nichomeke. Nikachomeka.

Wakati mashine inalia, Bibi alisimama katikati ya saluni, uso kaskazini, akashusha mikono. Hakuwa anaswali. Alikuwa anapima. Alitazama kushoto kwake hadi madirishani, akatazama kulia, kisha akahama hatua mbili nyuma na kutazama tena. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Safu tano," alisema, akipaza sauti juu ya mashine. "Kule zilikuwa tatu, na za nyuma zilikuwa mlangoni. Fotei hizi mwezi ule zitakwenda wapi?"

"Stoo hazitaingia," nilisema.

"Barazani, basi. Pascasie atazikalia." Alibonyeza simu yake, akaiweka sikioni, akasubiri huku akisogeza kwa mguu boksi tupu la televisheni. Halafu akaanza kuongea na dada yake wa Minago. Alimwambia Jumamosi haji. Dada yake aliuliza kitu, Bibi akasema hapana, siyo magoti, magoti ni yale yale. Akamwambia aje yeye, apande pikipiki taratibu, amwambie dereva asikimbize, na kama ana mikeka aje nayo yote, kwa sababu tuliyonayo haitatosha.