Mabaharia wa Baba Dogo

Trekta lilipoingia ploti yao ya vyumba vya kupanga mtaani Baba Dogo asubuhi ile, Rispa alikuwa anakoroga uji wa mtoto, na mumewe Phares alikuwa anafunga vifungo vya shati jeupe.

"Shati la kanisa unalipeleka wapi?"

"Kwa vijana. Waone sina kitu mkononi."

Vijana walikuwa wamejipanga mbele ya trekta na marungu, wamekodiwa na tajiri aliyenunua ploti na asiyetaka kungoja korti iwatoe wapangaji. Wengi walikuwa wa mtaa huo huo. Kiongozi wao, Kinyanjui, mama yake alikaa chumba cha mwisho karibu na choo, naye alikulia humo.

Phares alikuwa na uhakika kwamba hawatampiga, na uhakika huo aliutoa kitabuni. Darasa la jioni la Mwalimu Mativo, walilohudhuria yeye na Rispa, lilikuwa na riwaya moja ndefu ya vitabu vinne, habari za Wajerumani waliojaribu kufanya mapinduzi vita vilipokwisha. Seti ilikuwa moja tu, basi waligawana, kila mtu na kitabu chake. Phares aliangukia cha kwanza: mabaharia wanakataa amri, askari waliotumwa kuwazima wanashusha bunduki na kukumbatiana nao, mfalme anatoroka. Rispa aliangukia cha nne. Kila alipotaka kukisimulia, Phares alimziba mdomo kwa kiganja, akicheka. "Usinimalizie utamu, Mama Lorraine. Nitafika mwenyewe." Naye, kwa mapenzi tu, akanyamaza.

Leo hakunyamaza.

"Baba Lorraine, wanashindwa."

"Nani?"

"Wale wafanyakazi wa kitabuni, waliofanya mapinduzi. Serikali mpya inawachukua wanajeshi waliorudi vitani bila kazi, vijana wa mitaa ile ile, inawalipa. Wanawapanga wenzao ukutani na kuwapiga risasi. Wengine wanawajua hata majina, na bado wanapiga."

Phares alimtazama kama mtu aliyeporwa mchana kweupe. Kisha akatikisa kichwa.

"Kinya si Mjerumani. Kinya nimemfundisha baiskeli." Akatoka.

Rispa alimtupia jirani yake Khavere mtoto, akasimama mlangoni, sufuria ya uji bado mkononi.

"Niaje, Kinya," Phares alisema, viganja wazi.

"Poa, Pharo. Toka njia."

"Mathe wako atalala wapi leo? Si hata yeye nyumba yake iko hapa?"

Rungu la Kinyanjui lilishuka. Likashuka kabisa, hadi ncha yake ikagusa tope. Rispa alijikuta anaomba kwa sauti, labda kile kitabu cha kwanza ndicho cha kweli, Mungu wangu, labda ni hicho.

Sauti ikatoka nyuma ya trekta: "Kinya! Huyo ni babako?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichoinua rungu. Lilimpata Phares kwenye taya, likalia kama ubao unaopasuka, na kabla hajafika chini likampata tena juu ya sikio. Shati jeupe likawa jekundu kifuani. Wawili wengine wakaruka wakaanza kumkanyaga mbavu.

Rispa hakukumbuka kukimbia. Alikumbuka tu shingo ya Kinyanjui, jinsi ilivyoinama mbele yake, na uji ukishuka juu yake wote, mzito, ukichemka, ukiganda kwenye ngozi. Kinyanjui alipiga yowe lililotoa watu vyumbani. Wakaja na mawe, mitwango, jiko lenye makaa. Kijana mmoja alipasuliwa kichwa kwa tofali. Khavere, mtoto mgongoni, alimng'ata mwingine mkono hadi akaachia rungu. Wale wa kukodiwa wakatimua mbio kuelekea barabarani, wakamwacha kiongozi wao akigaagaa topeni.

Dereva wa trekta hakushuka. Aliingiza chuma ukutani, na vyumba vya kwanza vikalala chini pamoja na vitanda vyake.

Phares alikuwa anapumua, lakini damu ilikuwa inatoka sikioni. Mkokoteni ulikuwa mmoja tu, wa muuza maji. Walimlaza juu yake. Rispa akageuka, akamwona Kinyanjui akijaribu kusimama, ngozi ya bega ikining'inia.

"Mpandisheni na huyu."

"Wazimu umekupanda?" Khavere alifoka. "Mwache afie hapo hapo!"

"Mama yake atakuja kuniuliza, Khavere. Nitamwambia nini? Mpandisheni."

Walimsukuma juu kama gunia. Barabara ya kwenda zahanati ilikuwa na mashimo, na kichwa cha Phares kiligonga mbao kila gurudumu lilipozama. Kinyanjui alikaa pembeni akilia kwa uchungu, haya zimemzuia kumtazama yeyote.

"Shika hicho kichwa," Rispa alimwambia, akihema, akisukuma.

"Siwezi. Mkono..."

"Una mingapi? Kishike na huo mwingine. Kikigonga mbao tena, Kinya, wallahi nakushusha hapa hapa."

Kinyanjui akanyoosha mkono mzima, akakishika.