Aliyeitengeneza Aipande

Mimi nina mdomo, najijua, na mume wangu anajua zaidi. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiomba ninyamaze siku ya wakaguzi, siku hiyo moja tu, alikuwa anamwomba kuku maziwa.

Kiwanda chetu kinatengeneza ngazi. Marehemu baba alikianzisha akatuachia sisi wawili: mdogo wangu mkurugenzi, kwa sababu anajua kuongea na wakubwa, na mimi msimamizi wa karakana, kwa sababu siogopi kuongea na yeyote. Pamoja na kiwanda alituachia sheria: aliyeitengeneza aipande. Fundi akishapiga riveti ya mwisho anaiegemeza ngazi yake ukutani, anapanda kidato kwa kidato mpaka kipago cha juu kabisa, anajitikisa pale juu, anashuka. Ndipo iende stoo. Asiyethubutu kuipanda ya kwake anaifumua na kuanza upya, na hakuna wa kumcheka. Baba mwenyewe alishazifumua nyingi tu.

Basi mdogo wangu akapagawa na Tuzo ya Ubora. Akaleta mshauri, na mshauri akabandika ukutani gurudumu kubwa lenye maneno manne: Panga, Tenda, Kagua, Boresha. Sina ugomvi na gurudumu lile, maana yake naielewa na ni maana nzuri. Kagua si ndiyo hiyo hiyo kupanda? Lakini mdogo wangu aliona kupanda kunakula muda, tena ni mambo ya kizamani, wageni watatucheka. Akaamua katika kila rundo ipandwe ngazi moja tu, na apande mtu maalumu mwenye kofia ya njano. Mafundi wakaongeza kasi. Mchoro wa uzalishaji ukapanda mpaka ukakaribia dari, na ngazi zikaanza kulia.

Siku moja mteja mmoja, mpaka rangi, akaja na ngazi yetu begani, akaitua miguuni pangu. Kipago kilikuwa kinazunguka kama kitasa cha mlango. Alikuwa bado chini chini kilipomgeukia, ndiyo pona yake. Nikamwambia achague nyingine. Akasema hapana, asante dada, akaenda zake. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikaibeba hadi ofisini. Mdogo wangu akaitazama, akasema ni moja hiyo, tuzo ikipita tutarekebisha kila kitu. Wakati huo shehena kubwa ilikuwa inangojea kuondoka, na alitaka ipakiwe siku ile ile ya ukaguzi ili wageni waone kiwanda kinavyochemka. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikamuuliza akipita mwanaharamu, na wapaka rangi je? Ndipo akanikazia macho. Akasema nikimharibia siku hiyo, funguo za karakana nitazirudisha. Mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Nikatoka nikiwa nimefura.

Wakaguzi wa tuzo walikuja asubuhi, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na kijana mwenzake. Sakafu ilikuwa imepigwa rangi hata harufu haijaisha. Lori lilikuwa langoni, mlango wa nyuma wazi. Mama yule akapita kwa mafundi akiwauliza ubora ni nini, na kila mmoja akamjibu sentensi ile ile ndefu waliyokaririshwa, wengine kwa macho yaliyofumbwa. Alipofika kwangu, mdogo wangu alisimama nyuma yake akinitazama kama mtu anayeswali.

"Mama," nikasema, "hapa kwetu ubora ni aliyeitengeneza aipande. Na tumeacha."

Mdogo wangu akacheka, akasema dada anapenda utani. Sikucheka. Niliwageukia mafundi, nikawaambia kila mtu avute ngazi yake kutoka kwenye mzigo wa lori, maana kila fundi ana alama yake. Anayetaka apande. Asiyetaka asimame chini, na sitamuuliza neno.

Nilidhani watagoma. Wana watoto, na bosi yupo pale pale. Lakini fundi wetu mkongwe akavua kofia, akavuta yake, akapanda, akajitikisa kule juu kama zamani. Wawili wakamfuata. Kisha hakupanda mwingine. Waliobaki walikuwa wameshika ngazi zao kwa mikono, miguu sakafuni, na walikuwa wengi kuliko nilivyohofia. Katikati yao alikuwa binamu yetu, ambaye picha yake ya fundi bora ilikuwa bado inang'aa mlangoni.

"Yangu siipandi," akasema. "Nilikuwa nakimbiza mchoro."

Mama wa miwani aliwatazama wote, kisha gurudumu ukutani. Akamwambia mdogo wangu kwamba tuzo ya mwaka huu asiitegemee, akatuaga kwa heshima. Alipofika mlangoni aliniuliza hiyo sheria ilikuwa ya nani. Nikamwambia ya baba.

Walipoondoka, mdogo wangu akanijia hadi puani. Akanyoosha kiganja na kutaka funguo, mbele ya watu wote. Dereva wa lori naye alishaanza kuunguruma akiuliza anapakia au hapakii.

Nilikuwa naogopa, kwa nini nidanganye? Karakana ile ndiyo maisha yangu. Lakini nilizifungua funguo kiunoni, nikailaza ngazi ya binamu, nikazitundika kwenye kipago cha juu kabisa, kisha nikaiegemeza ukutani.

"Zifuate," nikamwambia. "Ukizifikia, ni zako, na mzigo uondoke."

Akanitazama. Akavua koti, akampa mtu. Akaweka mguu kipago cha kwanza, akaweka wa pili. Ngazi ikalia. Karakana nzima ilikuwa inamtazama, na binamu akaishika ngazi kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Mdogo wangu akaganda pale kitambo, uso juu, akizitazama zile funguo. Kisha akainama, akagusa kwa kidole kipago kilichofuata, nacho kikazunguka.

Akashuka taratibu. Hakunitazama mimi wala mtu yeyote. Alitoka nje na kumwambia dereva azime injini.

Mimi nikachukua ngazi ya fundi mkongwe, nikapanda, nikatwaa funguo zangu.