Foleni ya Stroberi

Meli ilipofunga kamba kwenye gati la Skolten saa mbili asubuhi, Torunn alikuwa mfanyakazi wa kwanza kushuka ngazi. Kwa miezi minane alikuwa akiwapigia abiria fidla ukumbini, na muda wote huo meli haikuwahi kugusa Bergen, mji aliozaliwa, mpaka Jumanne hiyo ya Julai. Ruhusa yake ingekwisha saa kumi jioni.

Alikuwa kwao, lakini hakuwa na mlango wa kubisha. Dada yake alishahamia Oslo. Rafiki yake wa tangu shule alikuwa zamuni. Nyumba aliyoishi na Geirmund kabla hawajaachana ilikuwa ya Geirmund sasa, na mapazia mengine madirishani. Kilichobaki ni Tiril, binti yao wa miaka kumi na sita, naye alikuwa kazini: amepata kibarua cha likizo cha kuuza stroberi Torget, soko la bandarini.

Torunn akafuata ukingo wa maji mpaka sokoni. Muuza samaki mmoja akamwita kwa Kiingereza aje aonje. Torunn akajitazama kifuani. Kitambulisho cha meli kilikuwa bado kinaning'inia. Akakivua akakitia mfukoni.

Tiril alikuwa chini ya mwavuli mwekundu, amerefuka, nywele kazifunga juu kwa namna ambayo mama yake hakuwahi kuiona. Mbele yake walijipanga watu saba. Torunn akajipanga nao, maana hakujua asimame wapi.

"Kikapu kimoja au viwi... mama!" Tiril akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama juu ya meza akamkumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na mashine ya kadi. "Si ulisema mchana?"

"Nimeshindwa kungoja. Mapumziko yako saa ngapi?"

"Saa saba. Nusu saa tu. Mama, kuna watu nyuma yako."

"Basi nipe kikapu kimoja."

Akaketi kwenye ngazi za mawe kando ya maji, akala stroberi tatu, akatazama saa. Saa tatu na nusu. Alikuwa na jambo la kumwambia mtoto, na alikuwa amelifanyia mazoezi kama anavyofanyia wimbo mgumu, kipande kwa kipande. Alipoona hawezi kukaa, akarudi kwenye foleni.

"Unakula vizuri kwa baba?" akauliza zamu yake ilipofika.

"Ninakula, mama."

"Na ile skuta, ilitengenezwa?"

"Niliiuza tangu Machi."

Mara ya tatu, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliyekuwa nyuma yake akashindwa kunyamaza. Watu wa Bergen midomo hawaifungi. "Bi mkubwa, hicho cha tatu! Unapika jamu, au unamlisha farasi?"

Foleni nzima ikacheka. Torunn naye akacheka. Tiril hakucheka. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mama," akasema chinichini, "usirudi tena, tafadhali. Saa saba nakuja mwenyewe."

Kwa hiyo hakurudi. Akazunguka. Akatazama samaki waliolazwa juu ya barafu, akasimama penye duka la vitambaa palipokuwa zamani na duka la ala za muziki. Hakuna aliyemwita kwa jina. Jua lilikuwa kali, jambo ambalo mji ule huliona kwa kubahatisha, na watu wote walikuwa wamejimwaga nje, wawili wawili, watano watano.

Saa saba kasoro dakika tano alikuwa kando ya mwavuli, mikononi mkate wenye jibini ya kahawia alioununua kwa ajili ya wawili. Lakini walikuwepo na wengine: wasichana watatu, taulo mabegani.

"Tiril, twende bwana! Maji ya Nordnes leo yamepata joto, hayaumi!"

"Siwezi. Anayenipokea anaumwa, ndiyo kwanza kapiga simu. Sina mapumziko."

"Lo! Siku yenyewe moja ya jua kwa mwaka!"

Tiril akamwona mama yake. Torunn aliuona uso ule ukigawanyika, upande huku, upande kule, naye alijua kila upande una uzito gani. Akaweka mkate mezani.

"Nenda ukaogelee," akasema. "Nitauza mimi."

"Mama, ile nusu saa ilikuwa yetu."

"Nenda, mwanangu. Nioneshe tu mashine hii inabonyezwa wapi."

Tiril akamwonesha, akambusu shavuni, akatimua mbio na wenzake. Vicheko vyao vilisikika mpaka walipokata kona.

Torunn akafunga aproni. Akauza. Mikono ikawa myekundu kwa stroberi. Wengi wa wanunuzi walikuwa abiria wa meli yake na hawakumtambua bila gauni jeusi, isipokuwa Bi Hanneke, mjane Mholanzi ambaye kila jioni hukaa meza ya mbele peke yake.

"Jamani, si yule wetu wa fidla?"

"Ndiye. Namshikia binti yangu zamu."

"Ana bahati binti! Yuko wapi nimwone?"

"Amekwenda kuogelea na wenzake."

Bi Hanneke akachagua kikapu chake taratibu. "Basi anaishi vizuri," akasema. "Mtoto asiyeishi vizuri asingeondoka, angekung'ang'ania."

Torunn akampa risiti.

Tiril alirudi saa nane kasorobo, nywele zinadondosha maji, midomo ya bluu kwa baridi, anahema. "Samahani! Nimechelewa!" Torunn akamfunga aproni, na akiwa bado nyuma yake, vidole kwenye fundo, akalisema lile jambo. Mazoezi yote yakampotea.

"Nimesaini tena. Mpaka Februari."

Mgongo wa mtoto ukatulia. "Kwa hiyo Krismasi hupo."

"Sipo."

"Baba alisema utasaini." Akachukua mkate, akaukata katikati, akampa mama yake nusu, naye akala yake kwa kusimama, akitazama wateja. Kisha akajifuta mdomo. "Kikapu kimoja au viwili?" akamuuliza aliyefuata.

Saa kumi na moja meli iliondoka. Kazi ya Torunn saa hiyo ilikuwa kupiga fidla sitahani wakati wa kuagana na mji. Alipiga huku macho yakiwa sokoni. Honi ililia mara tatu, na wageni waliobaki ukingoni wakageuka, wakapunga mikono. Wenyeji hawakugeuka, meli huondoka kila siku. Chini ya mwavuli mwekundu, msichana mrefu alikuwa ameinama juu ya vikapu, anahudumia watu.