Majani Yaliyooshwa kwa Ajili ya Wageni

Mama Colette alitoka misa ya asubuhi akakuta bustani yake imelowa, na hapa mtaani Panda mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne. Lenga-lenga, mchicha wake, ziling'aa. Zile zilizounguzwa na moshi wa kiwanda, zenye madoa ya rangi ya tumbaku, zilikuwa zimeng'olewa na kutupwa shimoni mwa takataka.

Séraphin, shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yao, alisimama pale na bidoni la maji, anacheka.

"Mama, bageni ba Kinshasa banakuya leo. Batukute na buchafu? Niliosha kwa kila muntu."

Wageni hao walikuwa wanachora ramani ya nchi nzima, kuonyesha ni wapi mimea haivumilii moshi. Padri alisoma tangazo kanisani: pahali patakapopakwa nyekundu, kiwanda kitalazimishwa kuchuja moshi wake. Miaka minne Colette, mjane, alikuwa akiwangojea.

"Weye uliosha ushahidi, Séraphin."

"Minye nilisafisha jina ya avenyu!"

Saa sita akafika Bwana Casimir, mmoja wa wageni wa Kinshasa, na makaratasi yake. Aligeuza jani moja, la pili.

"Mazuri sana. Hapa mimea inavumilia. Tutapaka kijani."

Colette akampeleka shimoni. Aliinama, akaingiza mikono kati ya matumbo ya samaki na maganda yaliyooza, akatoa fungu la majani yaliyoungua.

"Angalia, papa. Asubuhi zilikuwa zinasimama."

Casimir akaziba pua. "Mama, tunahesabu jani lililo kwenye shina tu."

"Basi rudia kisha wiki mbili. Moshi haiende likizo."

"Ramani inafungwa Ijumaa."

Akampa karatasi na biki ya kuandikia: mwenye bustani atie jina kwamba mimea imekutwa jinsi ilivyo siku zote. Colette alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Tia, mama," Séraphin alinong'ona. "Usitupatishe haya."

"Haya? Leo ndiyo unaijua? Amri ya nane, usiseme uwongo, nilifundishwa mbele ya kujua kusoma. Minye sitie."

"Bila jina lako pahali hapa patabaki bila rangi," Casimir alisema.

Colette alielewa: pasipo na rangi, hakuna atakayelazimishwa kuchuja kitu. Moshi ungeendelea kushuka juu ya bustani yake.

"Pabaki vile," alisema, akamrudishia biki.

Séraphin akaanza kumwomba mgeni msamaha, sauti ya asali. Colette hakumgeukia. Alikuwa anapangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, mara moja, mara mbili, na harufu haikutoka.