Beseni la Chumba cha Vipimo

Saa mbili asubuhi mpimaji alifungua chumba cha vipimo vya moyo, akatandika karatasi mpya kitandani, akalisukuma beseni la plastiki kwa mguu mpaka likakaa sawasawa chini ya mashine. Wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi walikuwa wameshajipanga ukutani nje. Walipimwa kila mwaka, na ambaye mchoro wa moyo wake haukuwa safi hakurudi kazini.

Mashine hainasi moyo peke yake. Hunasa pia mtetemo wa misuli, pumzi, na mvumo wa umeme wa taa. Hizo zote huitwa kelele, na mashine ilikuwa na chujio la ngazi tatu la kuziondoa. Kelele zilizochujwa zilitokea kwenye kitundu cha nyuma na kudondokea kwenye beseni: ute wa kahawia wenye mafuta na vinyweleo, unaonuka kama ngozi mbichi iliyosahauliwa juani. Ulidunda kidogo, kisha ukatulia. Mama wa usafi aliumwaga mara mbili kwa siku.

"Jana sinki limeziba tena," alisema. "Hawa watu wa chokaa wana mafuta jamani!"

Wa tisa alikuwa mjomba wa mpimaji, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama katika mashimo ya chokaa ya kulowekea ngozi akikwangua manyoya. Alipanda kitandani akisimama mara mbili kuvuta pumzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mikono ya baridi hiyo! Unapima moyo au unausimamisha?"

Mpimaji alimbandika nyaya kifuani, kisha akazima chujio, jambo lililokatazwa. Karatasi ilitoka nyeusi, imelowa. Katikati ya michirizi moyo uliruka mara mbili, ukakosa, ukaruka, ukanyamaza muda mrefu.

Aliipeleka kwa daktari wa kampuni, chumba cha pili. Daktari alikuwa anakula yai la kuchemsha juu ya michoro ya watu wengine. Aliishika karatasi kwa vidole viwili.

"Nini hii?"

"Moyo wa namba tisa, daktari. Haudundi sawa. Apumzishwe, atibiwe."

"Mimi naona kelele tu. Weka ngazi ya tatu, urudie. Karatasi chafu sisomi."

"Ngazi ya tatu inaondoa na ugonjwa wenyewe."

"Sasa ulidhani chujio ni la nini?" alisema daktari, akalamba kiini cha yai kwenye kidole gumba.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Aliporudi, mjomba alikuwa ameshasikia yote.

"Safisha, mwanangu."

"Utaangukia shimoni, mjomba."

"Nikianguka shimoni naanguka mmoja. Nikikaa nyumbani tunaanguka sita. Safisha."

Mpimaji aliweka ngazi ya tatu. Mchoro ulitoka mzuri, vilima vyake sawa kwa sawa kama vya kupimwa kwa rula. Kwa nyuma kitundu kiliziba, ikabidi auvute ute kwa mkono. Lilitoka donge kubwa kama ini la ng'ombe, lina chokaa na manyoya, likaangukia kwenye beseni na kuanza kudunda. Mara mbili, likakosa.

Mjomba aliinama kuliangalia huku akifunga vifungo.

"Lote hili langu?"

"Lako."

"Kweli, linanuka kama mimi." Alicheka, akakohoa. "Ila najisikia mwepesi."

Daktari aligonga muhuri wa *Anafaa kazi*. "Umeona? Moyo wa kijana huu." Mjomba aliikunja karatasi mara nne, akapanda lori lililowarudisha watu mashimoni.

Saa nne mama wa usafi aliingia na ndoo yake, akachungulia.

"La juu hili halitaki kutulia. Nimwage?"

Mpimaji alilitazama. Liliruka mara mbili, likanyamaza. Alisema kimoyomoyo, Ee Mungu, lisikome. Likaruka tena. Hapakuwa na chombo cha kuliwekea, wala fomu ya kuliandikia. Uvundo ulikuwa umeshamwingia mdomoni, akaona ladha yake chini ya ulimi.

Kutoka mlangoni daktari aliuliza kwa nini foleni haisogei.

"Mwaga," alisema mpimaji. "Tumia maji ya moto, sinki lisije likaziba."