Mvunguni mwa Kitanda

Wanafunzi walimbatiza Mwalimu jina la Konokono, maana somo la wanyama wasio na uti wa mgongo alilifundisha polepole mpaka mkuu wa shule akachoka kulalamika. Kila mwaka alianza vilevile. Kabla hujahesabu miguu, pitisha kidole mgongoni. Ukikosa pingili za mfupa, ndipo uulize: ni laini kama konokono, ana mikunjo kama mnyoo, au amevaa gamba gumu kama kaa na nge?

Mkewe alikuwa ameugua mpaka mbavu zikahesabika. Hospitali ilimrudisha nyumbani, na Mwalimu hakuhitaji kuelezwa kwa nini. Halafu, ghafla tu, homa ikashuka, akaomba chakula, akacheka. Mwalimu alijifungia jikoni akalia kwa furaha. Mchana huo, akimpaka mafuta, kidole chake kiliteremka kutoka shingoni hadi kiunoni bila kukutana na mfupa hata mmoja.

Akarudia. Ngozi ilikuwa ya baridi, laini kama unga uliokandwa.

"Unanitekenya bwana," mkewe akasema, kwa sauti yake ileile.

Chupa ya mafuta ikamponyoka, ikabingirika mvunguni. Aliinama kuiokota. Huko alilala mkewe mwingine, mkavu, mwepesi, amepasuka kutoka kisogoni hadi kiunoni. Kucha zote zilikuwepo, na kovu la pasi mkononi pia. Ndani hamkuwa na kitu.

Tusidanganyane. Alitaka kukimbia.

Mlango wa mbele ukagongwa. "Shemeji, nifungulie. Nimekuja kumwona dada."

Mwalimu alimtazama mgonjwa. Alikuwa amevuta blanketi hadi kidevuni, anatetemeka, anaogopa kuliko yeye.

"Usimfungulie," akanong'ona. "Bado sijakauka."

Hilo alilijua vizuri. Amelifundisha miaka nenda miaka rudi. Mnyama kama kaa akishavua gamba huwa laini, hajiwezi, yeyote apitaye anaweza kumla. Ndiyo maana hujificha. Na Mwalimu alikuwa tayari kumpokea mke wa namna yoyote, mradi asimzike.

Akashusha shuka mpaka sakafuni kuficha mvungu, akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo mara ya pili.

"Amelala, shemeji. Njoo wiki ijayo."

"Anaendeleaje lakini?"

"Anakua," akajibu, kisha akajirekebisha. "Anapona."

Nyayo zilipotokomea, mkewe alimwita kutoka chumbani aje amkune mgongo. Mwalimu alifuta machozi, akaenda.